Raporo Ambayo Maman Shefu Alikataa Kutia Saini

Nilipopata kazi kwenye karakana ya sabuni na javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo, kule Kasha, nilikuwa msichana mwenye diplome ya kemia, koti jeupe alilonishonea dada yangu, na uhakika kwamba mimi ndiye nitakayewafundisha wengine. Karakana yenyewe ilikuwa nyumba ndefu ya matofali iliyoegemea mteremko, kama nyumba nyingi za Bagira, sehemu yetu ya mji iliyo juu ya ziwa. Mlango wa juu ulitokea barabarani, mlango wa chini ulitazama migomba ya jirani. Tulikuwa watu kumi na wawili. Tulipika sabuni ya vipande kwa mafuta ya mawese na soda kali, ile inayounguza ngozi. Tulichanganya javeli ya kufulia nguo na kusafishia nyumba. Na kwenye kona moja tulijaza chupa za asidi ya kusugulia vyoo.

Aliyesimamia kazi yote alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Nyantende. Sote tulimwita Maman Shefu. Shule aliiachia darasa la sita. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya usafi hospitalini kwa miaka mingi. Alivaa kitenge juu ya buti za mpira, na alikuwa na tabia ya kugusa kila kitu anachopita: pipa, mfuniko, ukuta, komeo la mlango, kama mzazi anayepapasa paji la uso la mwanawe kuona kama lina moto. Mwanzoni niliiona tabia ile kuwa ushamba tu. Sasa naona haya kusema hivyo, lakini ndivyo nilivyoona.

Ajali yetu ilitokea alasiri moja ya mvua, miaka michache iliyopita. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Upepo ulikuwa unasukuma mvua ndani, juu ya makartoni, kwa hiyo mtu alifunga madirisha yote ya mbao. Mvua juu ya mabati ilipiga kelele kiasi kwamba ukitaka kusema na mwenzako lazima umsogelee sikioni. Mimi nilikuwa katika kiofisi changu karibu na mlango wa juu, nikiandika vipimo vya siku kwenye daftari.

Mchanganyaji wetu wa javeli alikuwa mwanamume mtulivu, baba wa watoto watano. Yeye tulimwita Papa wa Mapipa. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya ngazi fupi, kumimina mabidoni, yale madumu ya plastiki, ya javeli nzito ndani ya tangi kubwa la plastiki, kisha kuongeza maji mpaka kwenye alama. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka minne, na sikuwahi kumwona akimwaga hata tone.

Siku ile alimimina bidoni la kwanza, la pili, akainua la tatu. La tatu halikuwa javeli. Lilikuwa asidi.

Mwenye kujua kemia kidogo anajua vitu hivi viwili vikikutana vinazaa nini: gesi ya sumu. Mimi nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani na kupata alama zote. Lakini nilipoona moshi ukiingia chini ya mlango wa kiofisi, wa rangi ya limau changa, taratibu kama maji yanayotafuta njia, akili yangu haikukumbuka mtihani wowote. Nilisimama nikiukodolea macho. Kisha nikaanza kukohoa, nikatoka mbio mpaka barabarani.

“Mutoke! Mutoke bote!” Sauti ya Papa wa Mapipa ilipenya kelele za mvua, halafu ikakatwa na kikohozi.

Watu wakakimbia. Wengi walielekea mlango wa chini, kwa sababu ulikuwa karibu nao na ulikuwa wazi. Hapo ndipo nilipomwona Maman Shefu, kupitia mlango wa juu uliobaki wazi. Alikuwa nje, chini ya kibanda cha kupikia sabuni. Alizunguka nyumba mbio na buti zake, akasimama katikati ya mlango wa chini, mikono ameitanua, akawazuia.

“Hapana huku! Juu! Mupande juu! Hii moshi inashukaka!”

Alimsukuma wa kwanza kifuani. Wakageuka, wakaziba pua kwa nguo zao, wakakimbilia mlango wa juu, wakatokea barabarani nilipokuwa mimi. Papa wa Mapipa alifika karibu na mlango huo pamoja na wenzake. Kisha nikamwona anasimama, anatazama nyuma, na kurudi ndani.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa amekaa chini kwenye mkeka, mgongo ameupa tangi, akibandika karatasi za jina kwenye chupa. Hakuwa amesikia chochote. Papa wa Mapipa alimkuta akiwa tayari amelala ubavu. Alimvuta kwa mikono miwili mpaka nje, kisha yeye mwenyewe akaanguka magoti kwenye tope.

Maman Shefu alifika juu akihema. Hakupiga kelele tena. Alituhesabu mmoja mmoja, akitugusa bega, akajihesabu na yeye, mpaka kumi na wawili. Akatupandisha zaidi, juu ya barabara, mahali upepo ulikuwa unatoka. Akamtuma mtu apite njia ya pembeni awaite jirani zetu wa chini watoke nyumbani mwao na wapande. Halafu alilowesha kitenge chake kwa mvua, akajifunga puani, akachukua mti mrefu, akayasukuma madirisha kutoka nje, moja baada ya lingine, bila kuingia. Alipomaliza akaja kusimama na sisi. Mvua ilimnyeshea kama ilivyotunyeshea sote.

Watatu walipelekwa hospitali. Wawili walirudi kesho yake. Papa wa Mapipa alilala huko wiki nzima, na hakuna aliyekufa. Chini ya migomba tulikuta kuku wawili wa jirani wamekufa. Maman Shefu aliwatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani kuku wanastahili kutazamwa.

Baadaye nilimuuliza alijuaje kwamba moshi ule unashuka.

“Hospitali,” akasema. “Siku moja tulichanganya dawa mbili tukisafisha choo. Mwenye alikuwa anainama njo alianguka. Miye nilikuwa nimesimama, sikuanguka. Nilijiuliza ju ya nini.”

Hakuna aliyemfundisha. Alijiuliza tu, na jibu akalitunza miaka yote ile.

Patroni wetu, mwenye karakana, alikuwa mfanyabiashara mwenye haraka, si mtu mbaya. Siku ya nane aliniita na kuniambia niandike raporo ya ajali. Niliandika kwa Kifaransa, kurasa mbili, na niliipenda kazi yangu. Nilieleza gesi ni nini, imetokana na nini, inadhuru vipi mapafu. Mwishoni niliandika sababu: kosa la mfanyakazi, ambaye hakusoma jina kwenye bidoni kabla ya kumimina. Na pendekezo: mfanyakazi huyo aondolewe, wengine wakumbushwe kuwa waangalifu. Ilihitaji saini mbili, yangu na ya msimamizi wa kazi.

Nilimpelekea Maman Shefu. Kifaransa alikisoma polepole, akifuatisha kwa kidole. Alisoma mpaka mwisho, akarudia ukurasa wa pili, kisha akanirudishia.

“Sitatia sinyatire.”

“Kuna kosa, Maman?”

“Hakuna kosa. Maneno iko muzuri. Lakini nikimufukuza huyu papa, nikamuleta mwingine, nikamupandisha pale pale juu ya ngazi, mvua ikanyesha, courant ikakatika, huyu mupya atafanya nini?”

“Atasoma jina kwenye bidoni.”

Alinitazama bila hasira. “Mutoto yangu, tuende tuone hilo jina.”

Mabidoni ya siku ile yalikuwa bado nyuma ya nyumba. Lile la asidi lilikuwa na karatasi iliyobanduka nusu, wino umeyeyuka umekuwa doa la zambarau. Na lilikuwa la buluu. Yote yalikuwa ya buluu, ya javeli na ya asidi. Nilikuwa nimepita mbele ya mabidoni yale kila asubuhi kwa miezi, nikiwa na koti langu jeupe.

“Kwanza tutaenda kwa mwenye alikuwa pale,” Maman Shefu akasema. “Miye na weye hatukuwa juu ya ngazi.”

Papa wa Mapipa alikuwa ametoka hospitali, anakaa kwake hapo hapo Kasha, mwendo wa dakika chache. Mke wake alitupokea kwa adabu lakini bila tabasamu. Alitupa viti viwili, akabaki amesimama mlangoni. Mume alikuwa kitandani, akikohoa kila baada ya maneno machache. Alipotuona aligeuza uso ukutani.

“Munakuja kuniambia nisirudiye,” akasema. “Najua. Ilibakia kidogo niue batu.”

Maman Shefu alivuta kiti karibu na kitanda.

“Papa, hatukuja kukufukuza. Na hatukuja kukusamehe. Tulikuja kukuuliza.”

Mtu yule aligeuka. Nafikiri hakuna neno jingine ambalo lingemgeuza. Mke wake naye akakaa.

Maman Shefu alimuuliza mambo madogo madogo ambayo mimi nisingeyafikiria. Lile bidoni alilikuta wapi? Alikuwa ametazama upande gani? Nani alikuwa akiongea naye? Harufu je?

“Harufu, Maman, kule ndani siku zote ni harufu. Pua yangu ilikufa tangu mwaka wa kwanza.”

“Na bidoni lilikuwa wapi?”

“Karibu na ukuta. Pale pale javeli inakaaka.”

Asidi haikupaswa kukaa pale. Kwa kawaida ilikaa nje, chini ya kibaraza. Tulikuja kugundua kwamba kijana wa kupakia, alipoona mvua inaanza, aliingiza mabidoni ndani yasilowe. Alifanya jambo jema. Aliyaweka mahali palipokuwa na nafasi.

Kisha Papa wa Mapipa alisema neno lililomfanya Maman Shefu amwinamie.

“Kifuniko kilikuwa nyekundu. Niliona. Ya javeli iko nyeupe. Niliona, nikajiambia, ah, kuna mutu alibadilisha. Ju bifuniko tunabadilishaka kila siku, tukisafisha mabidoni. Kila siku mimi naonaka nyekundu juu ya javeli.”

“Kila siku?”

“Kila siku, Maman. Hakuna mwenye aliniuliza.”

Tuliporudi, tukipanda njia, niliyapitia akilini niliyoandika. Katika raporo yangu hakukuwa na vifuniko. Hakukuwa na kibaraza wala madirisha. Wala hakukuwa na sentensi moja kuhusu mtu aliyerudi ndani ya moshi kumvuta mwenzake. Nilikuwa nimeandika kurasa mbili juu yake bila kumuuliza neno.

Bado moyo wangu ulikuwa unabisha. Nilimwambia Maman Shefu kwamba hata hivyo, mtu mwenye makini angegundua. Mimi ningegundua.

“Ni sawa,” akasema. “Tutangoja mvua.”

Ilikuwa msimu wa mvua, lakini tulipoitaka ilikaa siku tatu bila kunyesha, ziwa linametameta kule chini kama kwamba linatucheka. Siku ya nne, saa nane mchana, ilishuka. Maman Shefu alizima taa, akafunga madirisha. Alikuwa ameosha mabidoni manane ya buluu na kuyajaza maji, mengine akayachora msalaba wa makaa chini ya kitako, mahali pasipoonekana. Akaniambia yenye msalaba tuyahesabu kuwa asidi, na yote yalikuwa na vifuniko vya mchanganyiko, kama kawaida yetu. Alinituma nje nikae barazani wakati anayapanga. Kisha akaniita.

“Panda. Fanya kazi.”

Nilipanda. Giza lile sikulijua, kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa kiofisi chenye dirisha. Bidoni la kwanza lilikuwa zito kuliko nilivyotegemea, na jicho langu lilikuwa kwenye mdomo wa tangi, maji yasiniruke. La pili. Kutoka upande wa makartoni mama mmoja akaniita, kama walivyokuwa wakimkatiza Papa wa Mapipa kazini siku zote: “Enjenieri! Leo tunajaza chupa ngapi?” Nikapaza sauti kumjibu, hakusikia, nikajibu tena. Mkono wangu ulishuka ukachukua bidoni la tatu. Nililisoma? Nadhani nililitazama. Nilimimina.

“Simama,” Maman Shefu akasema. “Geuza.”

Nikageuza. Msalaba wa makaa ulikuwa pale, mweusi, umeloa kidogo.

Hakuna aliyecheka. Nilibaki juu ya ngazi nikilitazama bidoni mikononi mwangu. Nilijiona nimelala mimi kitandani nimegeukia ukuta, na msichana mwenye koti jeupe ameketi mahali akiandika kwamba sikuwa mwangalifu.

Maman Shefu alinipa mkono nikashuka. “Usilie,” akasema, ingawa sikujua kama nalia. “Kamata kalamu. Sasa raporo inaanza.”

Tuliiandika upya, safari hii kwa Kiswahili chetu, ili kila mtu aweze kusomewa na kuikosoa. Tuliisoma mbele ya wote, patroni akiwemo, asubuhi, tumekaa juu ya makartoni. Nilisoma juu ya kibaraza, na vifuniko, na karatasi zinazoyeyuka, na madirisha. Nilipofika kwenye swali la kwa nini asidi ilikuwa ndani ya mabidoni ya buluu, ilhali zamani ilikuja katika meupe, niliwaonyesha nafasi tupu niliyoiacha. Maman Shefu alisimama.

“Pale muandike mimi,” akasema.

Akaeleza. Miezi kadhaa kabla, muuzaji wa asidi alikosa mabidoni meupe, akaleta ya buluu. Yeye ndiye aliyeyapokea. Aliona rangi imebadilika, akawaza atamwambia mtu, kisha kazi ikamshika. Karatasi ya kupokelea mzigo ilikuwa na saini yake.

“Weye njo ulitia sinyatire, Maman?” patroni akauliza, kama anayempa nafasi ya kukana.

“Ni mimi, patroni. Niliona nikanyamaza. Kama kuna mutu wa kufukuza kwa hii kintu, muanze na mimi.”

Mtu anayetegemea kazi yake kulisha nyumba, anasema hivyo mbele ya bosi wake na mbele ya watu anaowaamuru kila siku. Sikuwahi kuona jambo kama hilo. Darasani nilifundishwa na watu wenye majina makubwa, na hakuna hata mmoja niliyemsikia akisema niliona nikanyamaza.

Kisha nikasikia sauti yangu mwenyewe. Nilisema kwamba karakana ina vinyago vinne vya kuzuia gesi, na kwamba siku ile vyote vinne vilikuwa ndani ya kabati langu, vimefungwa, kwa sababu cha tano kilikuwa kimepotea wiki iliyotangulia na niliogopa kuulizwa. Ufunguo ulikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Nilikimbia nao mpaka barabarani.

Mama yule wa mkeka, aliyekuwa amevutwa nje, alinitazama. Sitausahau uso wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anafikiri. Halafu akasema, “Basi bitundikwe kwa mulango. Bote tubione.” Na kijana wa kupakia akasema kwamba yeye ndiye aliyeingiza mabidoni, na hakuna aliyemwambia kwamba asidi haitakiwi kukaa karibu na javeli, alifikiri ni suala la nafasi tu. Yule aliyefunga madirisha akasema ni yeye. Asubuhi ile kila mtu alikuta kipande chake.

Patroni hakumfukuza mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba asomewe tena kutoka mwanzo.

Asidi ilihamia kwenye kijumba chake upande wa pili wa ua, chenye kufuli yake. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea mdomo mpya wa tangi la javeli, mwembamba, na asidi ikahamishiwa kwenye mabidoni ya shingo pana, isiyoweza kuingia humo hata ukilazimisha. Maman Shefu alifurahia mdomo ule kuliko kitu kingine chochote. Alijaribu kulazimisha mwenyewe, mara tatu, na kila iliposhindikana alisema, “Aksanti.” Mabidoni ya asidi tuliyafunga kamba ya mkonge shingoni, mkono uitambue hata gizani. Vifuniko vikakatazwa kubadilishana. Madirisha mawili yaling'olewa kabisa, makartoni ndiyo yakahama.

Papa wa Mapipa alirudi baada ya mwezi. Kikohozi kilichukua muda zaidi. Siku aliyorudi hakupewa hotuba. Maman Shefu alimwonyesha mdomo mpya wa tangi na kumuuliza kama urefu wake unamfaa. Alisema umezidi kidogo, mgongo utauma. Fundi akaitwa tena.

Kilichobadilisha maisha yetu zaidi ni Jumatatu. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya moto kuwashwa, tulikaa nusu saa, na kila mwenye jambo alisimulia kitu ambacho wiki ile kilibakia kidogo kuwa ajali. Tulikiita hivyo hivyo, “ilibakia-kidogo.” Jumatatu ya kwanza watu walitazama miguu yao. Nani ajitie aibu bure? Maman Shefu akaanza na yake: alibeba ndoo ya soda kali akiwa amevaa sapatu, kwa sababu buti zake zilikuwa zimelowa ndani, akateleza, akaishika nguzo. “Ndoo haikumwagika. Lakini nguzo haipo kila mahali.” Wiki iliyofuata mpishi wa sabuni akasema lake. Baada ya miezi miwili ilibidi tuwakatize watu, kazi ianze.

Jambo moja zaidi lazima nilisimulie, kwa sababu hapo ndipo nilipomwelewa vizuri.

Tulikuwa na mteja kutoka Idjwi, mama wa biashara aliyekuja na mashua kununua javeli na kuiuza vijijini kisiwani. Tulimjazia kwenye chupa zilizotumika za maji ya kunywa, kama wanavyofanya wengi. Siku moja, akipanga mzigo wake, alisimulia kwa kicheko kwamba jirani yake alitoka shambani na kiu, akanyakua chupa mezani, akapiga funda kubwa la javeli. Alitema kabla ya kumeza. Midomo ilichubuka, akanywa uji siku kadhaa, sasa ni mzima. Wote tukacheka kwa jinsi alivyoigiza uso wa yule mtu.

Maman Shefu hakucheka. Alimkalisha mteja kwenye kiti, akamuuliza, sauti ile ile aliyomuulizia Papa wa Mapipa kitandani. Chupa ilikuwa wapi? Kando yake kulikuwa na nini? Karatasi ya jina ilikuwa bado imeshika? Kisha akaenda moja kwa moja kwa patroni.

“Tuache hizi chupa.”

“Maman, batu banapendaka hizi hizi. Tukiacha sisi, wengine watauza.”

“Bauze bengine. Yetu isionekane kama maji.”

“Ilitokea Idjwi, si hapa.”

“Ilitoka hapa, patroni. Ajali yetu haiishiye kwa mulango.”

Patroni alikataa. Kesho yake Maman Shefu alimuuliza tena. Na kesho kutwa. Hakupandisha sauti hata mara moja. Kila asubuhi baada ya salamu aliuliza, “Na zile chupa, patroni?” kama anayeuliza habari za mgonjwa. Wiki ya tatu patroni alinituma nitafute chupa za plastiki nzito za rangi ya manjano, zisizoonyesha kilichomo. Wateja kadhaa walituacha kwa muda. Mama wa Idjwi alilalamika, kisha akazizoea.

Maman Shefu ameacha kazi sasa, magoti yalikataa mteremko wa Kasha. Anaishi Nyantende, ana shamba la maharage na mihogo, na padri wao amemweka kwenye kamati ya kujenga madarasa, ambako nasikia anawasumbua mafundi sana kuhusu ngazi zao. Siku hizi mizigo inatufikia kwa shida, kila mara kwa njia nyingine na kwa muuzaji mwingine, na anayeongoza Jumatatu ni Papa wa Mapipa. Bado mimi ndiye ninayeandika.

Mwezi uliopita nilimtembelea. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba akichambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza habari za kila mtu, nani amejifungua, nani amehamia Goma, na jinsi kijana wa kupakia alivyoungua kidole kwa mvuke. Aliacha maharage.

“Kidole gani?” akauliza. “Na alikuwa amesimama wapi?”

Nikaanza kumweleza, naye akasogea pembeni nikae.